Kuruka si Tatizo, Kutua Ndiko

Msikilizaji, jioni katika mitaa ya Umoja na Kayole, huku Eastlands jijini Nairobi, utaona vijana wakiruka kamba juu ya saruji, kama walivyoruka bladda, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, utotoni. Kuna ubaya gani? Sikiliza vizuri: hatari iko kwenye kutua. Ukitua kwa visigino, magoti yamenyooka, kishindo kinapanda hadi mgongoni. Tua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, magoti yakunjwe kidogo, yaelekee upande mmoja na vidole, yasiingie ndani.

Kwa upande mwingine, wapo wanaosema mabondia wa Eastlands wameruka hivyo miaka nenda miaka rudi bila viatu vya bei. Kweli, lakini wana kocha anayewatazama miguu. Wewe unayejifunza kwa simu, nani anakutazama ukitua?