Karatasi Yenye Sahihi

Masomo: Yoshua 9, 2 Samweli 21:1-9, Luka 15:11-32



Mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Marekani na Uingereza zilimwaga karatasi nyingi sana juu ya askari wa Ujerumani kule Ulaya ya magharibi. Nyingine zilirushwa kwa mizinga. Moja ilifanana na hati ya serikali, na ilikuwa na sahihi ya Jenerali Eisenhower, mkubwa wa majeshi yale. Ilisema kwamba askari mwenye karatasi hii anataka kweli kujisalimisha: aondolewe silaha, atunzwe vizuri, apewe chakula na dawa, atolewe upesi mahali pa hatari.

Tuangalie jambo moja. Maneno hayo yaliandikwa kwa Kijerumani, ili adui aelewe. Yaliandikwa pia kwa Kiingereza. Kwa nini? Kwa ajili ya mlinzi wa mstari wa mbele, wa upande ule ule uliotupa karatasi. Jenerali alikuwa mbali. Mtu anayetokea amenyoosha mikono juu atakutana kwanza na mlinzi mwenye bunduki. Mlinzi akipiga risasi, sahihi ya Jenerali imegeuka uongo, na wenzake waliojificha nyuma hawatatoka tena.

Wapendwa, sisi ndio walinzi hao. Mungu ametoa neno la msamaha, akaliwekea sahihi kwa damu ya Mwanawe. Tunalitangaza redioni, tunalihubiri sokoni. Lakini limeandikwa kwa ajili yetu pia. Kijana aliyekuwa msituni na kundi la silaha analisikia, anakuja, anakaa benchi la nyuma. Je, tunavuta mikoba yetu karibu? Tunanong'ona, "Huyu ndiye yule"? Na binti aliyerudi na mtoto mgongoni, tunamwita kwa jina gani?

Hatusemi wanaolia wanyamaze. Kati yetu wako waliozika watoto wao. Hata karatasi ile ilitaka silaha itolewe kwanza. Toba ndiyo hiyo: kuweka silaha chini na kusema ukweli. Lakini aliyekwisha kuiweka chini asipigwe.

Yoshua na wakubwa wa Israeli waliwaapia Wagibeoni, na hata walipogundua wamedanganywa, kiapo kilisimama. Baadaye Sauli alikivunja akawaua, na siku za Daudi njaa ikaingia nchini miaka mitatu. Ahadi iliyotolewa kwa jina la Bwana si mchezo.

Mwana mpotevu alipokuwa bado mbali, baba alikimbia kumpokea. Tujiulize: kama angekutana kwanza na kaka yake njiani, angefika nyumbani?

Juma hili, tumwendee yule wa benchi la nyuma. Tumsalimie kwa jina lake. Tumkaribishe mezani.

Ee Bwana, tusiwe sisi wa kuifanya sahihi yako kuwa uongo. Amina.