Tulichokisoma chini ya Sanamu ya Askari

(Mazungumzo mbele ya darasa la kisomo, kando ya Ziwa Viktoria, Mwanza)

Akina baba na akina mama, tumerudi salama. Mlitutuma watu watano kwenye semina ya wakulima wa pamba, Dar es Salaam. Habari za pamba tumekwisha kuwaeleza. Leo tunataka kusema habari ya siku ya mwisho.

Ndege yetu ya kurudi Mwanza ilikuwa ya jioni. Tukasema, tusikae tu kulinda mizigo, twende tukaone mji. Serikali siku hizi iko Dodoma, lakini kumbukumbu nyingi za zamani zimebaki Dar es Salaam.

Tulianzia Mnazi Mmoja, penye mnara wa Mwenge wa Uhuru. Mwenge wenyewe, mtakumbuka, uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro tulipopata uhuru, Desemba 1961. Tukapiga picha, tukaenda zetu. Jua lilikuwa kali, na wengine viatu vilikuwa vinatubana.

Kisha tukafika kwenye Sanamu ya Askari, Barabara ya Samora. Ni askari wa shaba, ameshika bunduki yenye singe, ameelekea bandarini. Magari yanamzunguka mchana kutwa, na wenyeji wala hawamtazami! Mahali hapo Wajerumani walisimamisha sanamu ya gavana wao wa zamani, Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wakaiondoa. Hii ya askari waliiweka mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 mpaka 1918.

Chini yake kuna maandishi. Kiingereza hatukijui, lakini Kiswahili kipo! Mzee mmoja kati yetu, ninyi nyote mnamfahamu, alijifunza kusoma uzeeni katika darasa hili hili. Akavaa miwani, akasoma polepole, neno kwa neno. Kumbe hawatajwi askari peke yao. Wametajwa na wapagazi pia. Hapo mzee akanyamaza.

Babu yake alikuwa mpagazi. Alichukuliwa huku kwetu Usukumani wakati wa vita ile. Reli haikuwa imefika Mwanza, ilifika mwaka 1928. Basi risasi, unga na mahema vilibebwa na watu, vichwani na mabegani. Wapagazi wengi sana walikufa, na wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara na homa. Babu yule hakurudi. Nyumbani walingoja, wakangoja, mwisho wakakaa matanga bila maiti.

Mzee akaizunguka sanamu pande zote. Tukamwuliza, "Baba, unatafuta nini?"

Akajibu, "Jina."

Jamani, hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Maandishi yanaahidi tu kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Mzee akasema, "Kumbe kazi wametuachia sisi." Akalitaja jina la babu yake kwa sauti, katikati ya kelele za magari. Sisi wengine tukatazama chini.

Kwenye ndege hatukuongea sana. Saa moja na nusu hivi, tukaliona ziwa letu na mawe yetu.

Sasa tuna ombi. Majumbani mwenu wapo wazee waliosikia nani alichukuliwa kuwa mpagazi na hakurudi. Waulizeni wiki hii. Daftari liko hapa mezani, na kalamu ipo. Jina la kwanza mzee amekwisha kuliandika kwa mkono wake.