Nyumba Imeungua, Tuanzie Wapi?
Moto ukishazimwa na watu wakatawanyika, familia hubaki imesimama kwenye majivu, mama akichakura kutafuta walau picha moja ya harusi. Mwacheni alie. Kumwambia "shukuru mko hai" saa hiyo hiyo, japo ni kweli, ni kumfunga mdomo mtu mwenye uchungu halali.

Msiingie ndani kabla Zimamoto hawajaruhusu. Ukuta uliopata moto waweza kuanguka baadaye. Kisha nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, mwandikiwe taarifa ya upotevu ya kuombea nyaraka upya: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kitambulisho kutoka NIDA.

Mtoto aliyeanza kukojoa kitandani, au anayeshtuka akisikia harufu ya moshi, hastahili fimbo hata kidogo. Alale karibu na mzazi, arudi shule mapema, hata kwa sare ya kuazima.

Nanyi majirani, ahsanteni kwa michango ya wiki ya kwanza. Lakini kodi ya chumba cha kupanga huuma baada ya miezi miwili mitatu, wageni wakishakoma kuja. Tafadhalini, pitieni tena.

Namba ya dharura ya Zimamoto, Tanzania, ni 114.