Ujira wa Kazi: Kwa Nini Haulingani?

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya ujira wa kazi.

Katika mwaka 2023 mzee mmoja jirani yangu alinijia, akaketi barazani, akaniambia, "Bwana, amekuja mtu kutoka mjini. Ataka kumchukua binti yangu akatumike nyumbani kwa watu. Asema atalipwa shilingi 60,000 kwa mwezi, pamoja na chakula na malazi. Je, ni nyingi au ni chache?" Sikuweza kumjibu mara moja, maana ujira haupimwi kwa kuhesabu fedha tu.

Alikuwako Mskoti mmoja, jina lake Adam Smith, ambaye katika mwaka 1776 alitoa kitabu kikubwa juu ya utajiri wa mataifa. Humo alieleza mambo matano yafanyayo ujira wa kazi hii upite wa kazi ile.

La kwanza ni kazi yenyewe, kama yapendeza au yachukiza. La pili ni gharama na taabu ya kujifunza: aliyetumia miaka mingi na fedha nyingi shuleni hutaraji kurudishiwa gharama yake. La tatu ni kudumu kwa kazi. Mwashi wa Ulaya hawezi kujenga wakati wa baridi kali, kwa hiyo ujira wa siku zake za kazi hauna budi kumlisha hata siku anazokaa bure. La nne ni uaminifu: sonara hukabidhiwa dhahabu, na tabibu hukabidhiwa uhai wetu. La tano ni tumaini la kufanikiwa. Mtoto akifundishwa kushona viatu, hapana shaka atajua kushona. Lakini watoto ishirini wakipelekwa kujifunza sheria, pengine mmoja tu ndiye atakayeishi kwa kazi hiyo.

Sasa na tutazame Tanzania. Amri ya mishahara ya kazi zisizo za serikali, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka kima cha chini cha kila kazi. Kibarua wa shamba aliwekewa shilingi 140,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa migodi mikubwa, 500,000. Mfanyakazi wa benki, 592,000. Mtumishi wa nyumbani katika nyumba za watu wa kawaida, kama halali kwa bwana wake, 120,000. Na kama hulala huko huko, 60,000. Basi wa benki alipata karibu mara kumi ya huyu wa mwisho.

Mengine twaweza kuyafahamu kwa mizani ya Smith. Mgodini mna hatari, na benki yataka elimu na uaminifu. Lakini huyu binti je? Hukabidhiwa ufunguo wa nyumba, na tena hukabidhiwa mtoto mchanga kutwa nzima. Kama uaminifu ungelipwa sawasawa, asingekuwa wa mwisho.

Smith mwenyewe alitupa neno jingine la kutusaidia. Alisema mabwana ni wachache, hupatana kwa urahisi na kimya kimya, nao waweza kungoja. Lakini mfanyakazi asiye na akiba hawezi kungoja hata juma moja. Huko Mombasa, katika Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi wa bandari, wa reli na wengineo waliacha kazi kwa pamoja, na baadaye baraza la uamuzi likawaongezea wengi wao ujira. Walikuwa wengi, na sauti yao ilisikika. Binti aliye peke yake nyuma ya mlango wa watu hana wa kusimama naye.

Kwa hiyo nilimjibu mzee hivi: "Shilingi 60,000 ni shilingi 2,000 kwa siku. Asiyelala kwa bwana wake hupata mara mbili. Maana yake chakula na kitanda vimehesabiwa kuwa shilingi 60,000 nyingine. Akilishwa makombo na kulazwa jikoni, amepunjwa nusu ya ujira wake. Basi muulize mtu huyo maneno matatu. Atafanya kazi saa ngapi? Sheria ya kazi ya 2004 yasema zisizidi saa 45 za kawaida kwa juma, na siku sita tu. Atapewa likizo lini? Sheria hiyo yampa siku 28 kwa mwaka. Na fedha itatiwa mkononi mwa nani, mwake au mwa aliyempeleka?"

Mzee aliyapeleka maneno yale. Mtu wa mjini akasema atarudi Jumamosi na majibu. Jumamosi mbili zikapita, asirudi. Na binti akabaki kwao.

Wasikilizaji wangu, viwango nilivyovitaja hubadilishwa na amri mpya kila baada ya miaka kadhaa. Kabla ya kumtoa mtoto wako, nenda kwa ofisa wa kazi ukaulize kiwango cha wakati huo. Tena uliza kabla hajapanda gari, maana akiisha kufika mjini bila nauli ya kurudi, hana tena nguvu ya kukataa.

Kwaherini.