Fizikia na ratiba ya hesabu

Mpwa wangu, aliye mwaka wa kwanza wa fizikia chuo kikuu, anataka kuhama kozi. "Mjomba, nilifuata fizikia, napewa hesabu tupu!"

Akanionyesha daftari. Jiwe linaanguka, na kadiri linavyozidi kasi ndivyo hewa inavyozidi kulizuia. Kanuni za sekondari hukwama hapo, maana zinataka mchapuko usiobadilika. Dawa yake ni kalkulasi, ambayo idara ya hisabati itamfundisha muhula ujao! Ajabu kweli.

Nikamsimulia habari za Werner Heisenberg. Mwaka 1925, akiwa na miaka 23, alibuni hesabu za atomu ambamo A mara B haikuwa sawa na B mara A. Alishangaa mwenyewe. Hakuwa amesoma matriksi, yale majedwali ya namba. Profesa wake pale Göttingen, Max Born, ndiye aliyezitambua.

Kwa hiyo kupungukiwa hesabu si aibu. Ila Heisenberg alikuwa na Born karibu. Waheshimiwa wakuu wa idara hizo mbili, lini mtaketi meza moja na ratiba zenu? Fomu ya kuhama inarudishwa Ijumaa.