Gari la Mbao la Unguja: Kulifungua, Kulifufua na Kulirithisha



Usharika unapotimiza miaka 100, swali moja huja lenyewe: katika vitu vya kale, kipi kitunzwe kama kilivyo, kipi kibadilishwe, na ni nani atakayejua tofauti yake? Katika kisiwa cha Unguja wako watu ambao wamelijibu swali hilo kwa miaka mingi, wakiwa na spana mkono mmoja na randa mkono wa pili. Hao ni mafundi wanaofufua magari ya mbao katika nyua za nyumba zao. Mazungumzo haya yanahusu kazi yao.

Mji Mkongwe wa Unguja haukujengwa kwa ajili ya magari. Vichochoro vyake ni vyembamba, na kuta za mawe zimekaribiana kiasi kwamba mtu mwenye mzigo kichwani humpisha mwenzake kwa kujibanza ukutani. Kwa sababu hiyo gari la abiria lilibaki pembezoni mwa mji, na kwa miaka mingi Darajani ndipo palipokuwa mlango wa kutokea mjini kwenda shamba. Kabla ya hapo palikuwa na reli ndogo kutoka mjini hadi Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905 na kufungwa mwaka 1928. Barabara na magari ya moto ndiyo yaliyoishinda.

Malori ya Uingereza, kama vile Austin, na Bedford yaliyoanza kuundwa Luton mwaka 1931, yalienea katika makoloni mengi ya Kiingereza. Mara nyingi lori liliuzwa likiwa na injini, usukani na chesisi tu; sehemu ya nyuma iliachwa ijengwe na mafundi wa mahali lilipokwenda. Hapo ndipo seremala wa Unguja alipopata nafasi yake. Alijenga banda la mbao lenye paa la chini, ubavu ulio wazi wa kupitisha upepo, turubai la kushusha mvua ikinyesha, na mabenchi marefu pembeni, abiria wakitazamana magoti kwa magoti. Juu ya paa yalipandishwa magunia, vikapu vya samaki, mikungu ya ndizi na baiskeli. Malori ya Kijapani ya Toyota, Isuzu na Mitsubishi yalipochukua nafasi ya yale ya Kiingereza, banda la mbao halikuachwa. Lilihamia juu ya chesisi mpya. Hivyo ndivyo lilivyoendelea kubeba watu katika njia kama 116 ya Nungwi, 206 ya Chwaka na 309 ya Jambiani.

Haifai kusahau kwamba umahiri huu ulikuzwa na dhiki. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilikuwa haba nchini na vipuri viliadimika. Ni baada ya kulegezwa kwa masharti ya biashara Zanzibar, kuanzia mwaka 1984, ndipo bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi tena. Katika miaka ile ya uhaba, fundi hakuwa na duka la kukimbilia. Kipande kilichovunjika kilichongwa upya, kilichomelewa, au kilitolewa katika gari lililokufa ili kihuishe lililo hai.

Basi kazi yenyewe huendaje? Aghalabu haifanyiki katika karakana kubwa, bali uani, chini ya mwembe au banda la makuti. Hatua ya kwanza ni kufungua, na hatua hiyo huonekana nyepesi kuliko ilivyo. Kijana mwenye pupa huweza kulifungua gari zima kwa siku mbili, kisha akakaa miezi sita akitafuta bolti ipi ilitoka tundu lipi. Fundi aliyekomaa hufungua kwa utaratibu: kila kundi la nati huwekwa katika kopo lake, kila ubao huandikwa namba kwa chaki au rangi, kila waya hufungwa kitambaa cha alama, na siku hizi kila hatua hupigwa picha kwa simu. Anayefungua bila kumbukumbu anabomoa tu, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Hatua ya pili ni kupambana na kutu. Hakuna kijiji katika Unguja kilicho mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 20, na upepo wa chumvi hauchagui chuma. Kutu hatari zaidi si ile inayoonekana juu ya bodi, bali ile iliyojificha ndani ya chesisi, kwenye mikunjo ambamo maji hutuama na tope hukauka. Fundi hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa huitika kwa sauti nzito iliyokufa. Palipooza hukatwa hadi kwenye chuma safi, na kipande kipya huchomelewa. Wako wanaojaza puti juu ya kutu, wakapiga msasa na kupaka rangi ya kung'aa. Gari la namna hiyo hupendeza kwa msimu mmoja, huku likioza kwa ndani.

Somo hilo Mji Mkongwe unalijua vyema. Kuta zake za mawe ya matumbawe zilijengwa na kupakwa lipu ya chokaa, nayo chokaa huuacha ukuta upumue. Anayeuziba ukuta huo kwa saruji, akidhani anauimarisha, huufungia unyevu ndani. Mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, liliporomoka likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ufa wenyewe wapaswa kuzibwa kwa kitu kinachopatana na ukuta.

Hatua ya tatu ni mbao, na hapa gari huwa jamaa wa karibu wa jahazi. Huko Nungwi, ambako vyombo vya bahari vingali vikiundwa ufukweni, muundaji huanza na mkuku, na mataruma yake huchongwa kwa miti iliyopinda yenyewe. Seremala wa gari hana mkuku, ana chesisi. Tena chesisi hujipinda kidogo kila gurudumu linapoingia shimoni. Banda likikazwa kwa ugumu usio na nafasi, viungo vyake hupasuka. Kwa hiyo baina ya mbao na chuma huwekwa vipande vya mpira au mbao laini, na banda hufungwa kwa bolti zinazoweza kukazwa upya, si kwa misumari pekee. Mbao nazo sharti ziwe zimekauka, kwa kuwa mbao mbichi hupinda ikiisha kufungwa. Ncha zake hupakwa mafuta au rangi kabla ya kuunganishwa, maana maji huingilia nchani kwanza. Fundi mwerevu huacha pia tundu dogo la kutolea maji chini ya kila mahali yanapoweza kutuama.

Liko jambo ambalo mapenzi ya vitu vya kale hayapaswi kulifunika. Katika gari kukuu vimo vitu visivyostahili kuhifadhiwa hata kidogo. Mpira wa breki uliozeeka huvimba kwa ndani na kuzuia mafuta ya breki, ilhali kwa nje unaonekana mzima. Viungo vya usukani vilivyolegea, springi zilizovunjika na matairi yaliyopasuka ubavuni havina urithi ndani yake, vina msiba. Hali kadhalika, mzigo mkubwa juu ya paa huliinua tumbo la uzito wa gari, na kona iliyopitwa jana kwa usalama huliangusha leo. Mwenye gari aghalabu huharakisha ili chombo kirudi njiani kutafuta riziki. Ni hapo fundi anapopimwa: ama akabidhi gari lenye rangi nzuri na breki mbovu, ama aseme hapana na kukosa ujira wa wiki hiyo. Nyuma ya uamuzi huo wamo mama anayekwenda kliniki, mvuvi na wanafunzi, wote wasioweza kuona kilichomo chini ya sakafu ya mbao.

Wako wasemao kwa haki kwamba zama za gari la mbao zimepita; kwamba basi dogo la bati lina viti vinavyotazama mbele na madirisha yanayofungwa, na kwamba mzee hastahili kuinama ili apate kiti. Hoja hiyo ina uzito. Usafiri wa watu haupaswi kugeuzwa makumbusho ili mgeni apate picha. Lakini kuliondoa gari njiani ni jambo moja, na kuuacha ujuzi wake ufe ni jambo jingine. Fundi ajuaye kuunganisha mbao na chuma bila kupasua kimoja wapo, ajuaye kusikiliza kutu na kukadiria uzito kwa jicho, hapatikani dukani kama kipuri. Akifa bila mwanafunzi, ameondoka na karakana nzima.

Kwa hiyo yapo mambo yafaayo kufanywa mapema. Magari machache yaliyobaki yapimwe na kuchorwa, ubao kwa ubao. Majina ya sehemu zake, kama mafundi wenyewe wanavyoyataja, yaandikwe. Vijana wanaosoma ufundi, iwe katika Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia huko Mbweni au katika vituo vya mafunzo ya amali, wapelekwe uani kwa wazee kwa muda wa kutosha kufungua gari moja na kulifunga tena. Na wazee hao walipwe kama walimu, kwa kuwa ndivyo walivyo.

Katika kazi hiyo vijana watajifunza kanuni moja ambayo seremala mzuri huishika daima. Ubao mkuukuu, hata ukiwa umeoza nusu, hautupwi motoni siku unapotolewa. Hulazwa juu ya ubao mpya, kila tundu lake huwekwa alama, na mpya hukatwa kwa kipimo chake. Mpya ukiisha kukaa mahali pake na bolti zikiisha kukazwa, ndipo ule wa zamani unapokuwa kuni.