Damu Isiyotaka Friji



Wengi huniuliza: "Si tulitoa damu juzi, iko kwa friji, mbona mwatuita tena?" Swali zuri. Chembe nyekundu hukaa kwenye baridi siku 35 hivi. Lakini kuna pleteleti, vichembe vinavyoziba jeraha. Hizo huwekwa kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa polepole usiku na mchana, na baada ya siku 5 hutupwa, kwa sababu joto hilo hupendwa na bakteria pia.

Baridi hubadilisha umbo lake, na mwilini huondolewa haraka. Kwa mtoto mwenye saratani ya damu hiyo ni hasara. Kwa anayevuja damu sana, si hoja: kazi yake ni ya saa hiyo hiyo. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu zikae kwenye baridi siku 14 kwa wagonjwa wa namna hiyo, za kawaida zikikosekana.

Agosti 1998, bomu lilipolipuka mjini, watu walipanga foleni kutoa damu. Vizuri sana! Lakini foleni ile haingetoa pleteleti za wiki ya pili. Basi tusije wote Jumapili moja. Wapeni viongozi wa jumuiya majina: nani mwezi huu, nani ujao.